Simu Moja, Watoto Wanne: Maswali Kuhusu Teknolojia na Stadi za Kijamii kwa Watoto Wasio na Makazi

Walimu wa kujitolea, maofisa ustawi wa jamii, vikundi vya misikitini na makanisani, na watu wenye moyo wanaochangishana wakanunua tableti mbili tatu na kuzipeleka kituoni, wote huuliza maswali yanayofanana. Majibu haya yameandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya yeyote anayepita stendi usiku, akawaona watoto wamejikunyata juu ya maboksi, akatamani kufanya jambo lenye maana. Msimamo wangu niuseme mapema: mtoto hujifunza kuishi na watu kutoka kwa watu. Kifaa kikitumiwa vizuri huwapa watoto na mtu mzima sababu ya kukaa pamoja, kutazama kitu kimoja na kukizungumzia. Kikitumiwa vibaya, kila mmoja huondoka na upweke wake aliokuja nao.

Kwani watoto wa mitaani hawana stadi za kijamii?

Wanazo, tena nyingi. Mtoto wa miaka kumi anayelala stendi hutazama nyuso za abiria wanaoshuka akajua nani atamruhusu ambebee begi na nani atamfokea. Anajua kupatana bei ya chupa tupu na skrepa na mnunuzi aliyemzidi umri mara nne. Anajua kugawana chipsi na wenzake leo ili kesho akikosa yeye asilale njaa. Anamjua mlinzi mwenye huruma na zamu zake. Kijiwe anapolala kina kanuni zake, kina mkubwa wake, na anayevunja kanuni huadhibiwa. Kuishi humo bila kuwasoma watu hakuwezekani.

Ushahidi wa wazi tunao hapa hapa Tanzania. Mwaka 2010, kwenye Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani lililofanyika Durban, timu ya Tanzania ilifika fainali ikafungwa na India. Mwaka 2014 huko Rio de Janeiro, vijana waliotoka Mwanza walirudi fainali na kuifunga Burundi 3–1, wakatwaa kombe. Timu haishindi fainali kwa wachezaji wasiojua kusikilizana, kupasiana na kuvumiliana pale mmoja anapokosea. Vijana waliokuwa wakifukuzwa vibarazani waliyaweza yote hayo walipopata kocha aliyebaki nao.

Kinachopungua kwa wengi wao ni stadi zile zinazojengwa juu ya kumwamini mtu mzima. Kusubiri zamu ni mfano mzuri. Mtoto aliyekulia nyumbani husubiri chakula kwa sababu siku zote kimemfikia. Kwa mtoto wa mtaani, kusubiri ni kukosa. Mwenye akili hunyakua. Vivyo hivyo kusema "nimeumia" au "naogopa": kijiweni maneno hayo humfanya mtu aonewe. Kugombana na kupatana bila ngumi, kumwomba radhi mdogo wako, kumkabili mwalimu mkuu au karani wa zahanati na kujieleza bila kukimbia, hizi ni stadi ambazo hajapata mahali salama pa kuzifanyia mazoezi. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuorodhesha stadi za maisha kumi miaka ya 1990, zikiwamo kujitambua, kuhurumiana, mawasiliano na kukabili mihemko. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa umeshawahi kukaa na watoto hawa, utaona nusu yake wanaifanya kila siku kwa namna ya mtaani.

Hili lina uzito kwa anayefundisha. Ukianza na dhana kwamba mbele yako kuna watoto wasio na adabu, watakugundua kabla hujamaliza salamu, na hawatarudi. Anza na wanachokijua. Waulize wanatatuaje ugomvi wa kugawana hela, halafu ndipo mzungumze ni wapi njia hiyo inafaa na ni wapi inawaponza.

Mtoto hana pa kulala wala cha kula. Kwa nini tuhangaike na tableti?

Swali ni la haki, na jibu la kwanza ni kwamba chakula, matibabu na usalama hutangulia. Hakuna mtoto anayejifunza kutuliza hasira akiwa na njaa ya tangu jana. Anayefika na kifaa bila uji amekosea mpangilio.

Lakini yapo mambo mawili. La kwanza, mahusiano ndiyo mara nyingi humrudisha mtoto barabarani baada ya kuondolewa. Wanaofanya kazi ya kuwarejesha watoto makwao wanalijua vizuri: mtoto anapelekwa kijijini, anapokelewa kwa machozi, kisha baba wa kambo anamtupia neno, au darasani wanamcheka kwa kukaa na watoto wadogo, naye hana njia ya kulimeza neno hilo isipokuwa ile aliyoizoea. Baada ya wiki chache yuko tena kwenye basi. Kitanda peke yake hakimzuii.

La pili, teknolojia imo tayari katika maisha yao. Wanatazama filamu zilizotafsiriwa na ma-DJ kwenye vibanda umiza, wanajua wapi huchajiwa simu na wapi nyimbo huingizwa kwenye memori kadi. Kijana wa miaka 14 asiyejua kusoma huona aibu kukaa mbele ya kitabu cha darasa la kwanza, lakini akikabidhiwa kamera au kinasa sauti anakaa wima. Amepewa kazi ya mtu mzima. Heshima hiyo ndiyo mlango.

Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika Maoni yake ya Jumla namba 21 ya mwaka 2017, iliwasikiliza kwanza watoto na vijana 327 kutoka nchi 32 kabla ya kuandika. Maoni hayo yanaitaka serikali iache kuwatendea watoto hawa kama uchafu wa kuondolewa mjini au kama viumbe wa kuhurumiwa tu, na iwatendee kama wenye haki, ikiwamo haki ya kusikilizwa. Ukubwa wa jambo lenyewe si mdogo: sensa ya familia za mitaani iliyofanywa Kenya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639, wakubwa kwa wadogo.

Ni teknolojia ya aina gani, na inatumikaje hasa?

Watu wengi wakisikia neno hili hufikiria maabara ya kompyuta. Simu janja moja ya kawaida, spika ndogo na betri ya akiba vinatosha kwa kikundi cha watoto wanne au watano. Tena naamini simu moja kwa watoto wanne ni bora kuliko simu nne kwa watoto wanne, kwa sababu ile moja inawalazimu kupokezana, na kupokezana ndilo somo.

Chukua upigaji picha. Mwaka 1989 huko Washington, mpigapicha wa habari Jim Hubbard, aliyekuwa akipiga picha za familia zisizo na makazi, aliona watoto wanavutiwa zaidi na kamera kuliko kupigwa picha. Akaanzisha mradi uliowapa kamera watoto waliokuwa wakiishi kwenye makazi ya muda, kila kundi likiwa na wapigapicha wa kujitolea pembeni. Picha zao zilitoka kitabuni mwaka 1991. Ukiufikisha mradi wa namna hiyo Kariakoo au Igogo ya Mwanza, angalia ni stadi ngapi zinajificha ndani ya picha moja. Lazima umsogelee muuza maembe umwombe ruhusa: "Mama, shikamoo, naomba nikupige picha." Akikataa, unashukuru na kuondoka bila tusi. Akikubali, unamwonyesha ilivyotoka. Kisha mnarudi kivulini, kila mmoja anaeleza picha yake kwa nini aliichagua, na wengine wananyamaza hadi amalize. Muuza maembe naye amepata jambo: kwa mara ya kwanza mtoto yule amemwamkia badala ya kumvizia.

Njia ya pili ni sauti, na hii naipenda kuliko zote kwa sababu ni rahisi na inatufaa sisi tuliozoea redio. Watoto wanatunga igizo fupi kuhusu jambo lililowatokea: fulani kashutumiwa kuiba, mkubwa wa kijiwe kadai hela, mama kapiga simu. Wanagawana sehemu, wanarekodi, wanasikiliza. Hapo hutokea jambo ambalo mwalimu hawezi kulifanya kwa mawaidha: mtoto anasikia sauti yake mwenyewe ikifoka. Mwulize, "Ungekuwa wewe ndiye unaambiwa hivyo, ungejisikiaje?" Kisha rekodini upya, safari hii aliyekuwa mshtaki awe mshtakiwa. Igizo lile lile likirekodiwa mara tatu kwa miisho mitatu ni darasa zima la kutatua ugomvi, na hakuna aliyelazimika kutoa siri yake, maana yote yamesemwa na mhusika wa igizo.

Kwamba igizo la sauti linaweza kubadili mwenendo, Tanzania imeshaonyesha dunia. Radio Tanzania ilianza kurusha "Twende na Wakati" mwaka 1993, mchezo uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI, ukiwa na dereva wa lori Mkwaju kama mfano wa mtu asiyefaa kuigwa. Eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili watafiti waweze kulinganisha. Mwenendo ulibadilika walikosikiliza, na sababu moja kubwa iliyotajwa ni kwamba wasikilizaji walikwenda kuyajadili waliyoyasikia na wenzi wao na marafiki zao. Mazungumzo yaliyofuata baada ya redio kuzimwa yalibeba sehemu kubwa ya kazi. Ndiyo sababu nasisitiza: dakika kumi za kusikiliza zifuatwe na dakika ishirini za kuzungumza.

Njia ya tatu ni video inayosimamishwa. Katuni za Kiswahili kama Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam na kurushwa tangu 2014, zinapatikana bila shida na zinaweza kupakuliwa nyumbani penye bando ili zisitegemee mtandao stendi. Wahusika wanapoanza kutofautiana, bonyeza pozi. "Uso wake unasemaje? Wewe ungefanyaje?" Waache wabishane. Kisha endeleeni muone. Kwa watoto wadogo hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Kwa vijana wakubwa, katuni huwafanya wajione wametukanwa. Tumia kipande cha filamu wanayoipenda wao.

Njia ya nne ni simu yenyewe katika kazi yake ya asili, yaani kumpigia mtu. Kumpigia bibi au mama baada ya mwaka mzima wa kimya ni mtihani mgumu wa mawasiliano, na haifai mtoto aingizwe ghafla. Mfanyakazi wa ustawi huzungumza kwanza na familia peke yake, ajue nani anamsubiri mtoto huyu upande wa pili na kama nyumbani ni salama, kwa kuwa baadhi ya watoto walikimbia kipigo au jambo baya kuliko kipigo. Kisha mtoto hufanya mazoezi na mtu anayemwamini: ataanzaje, atasema nini akiulizwa kwa nini aliondoka, atafanyaje akisikia mama analia. Akitaka kukata simu katikati, aruhusiwe. Akitaka kutuma ujumbe wa sauti kwanza ili asisikie jibu papo hapo, ni sawa pia. Hapa teknolojia inafaa kwa jambo ambalo barua wala nauli haviwezi: inamruhusu mtoto asogee nyumbani kwa hatua ndogo ndogo, na arudi nyuma hatua moja bila aibu.

Programu nzuri haiwezi kuwafundisha yenyewe, tukaokoa mishahara ya walimu?

Kusoma na kuhesabu, kwa kiasi, ndiyo. Shindano la Global Learning XPRIZE liligawa tableti zenye masomo ya Kiswahili kwa takriban watoto 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 mkoani Tanga, zikichajiwa kwa umeme wa jua, kuanzia mwishoni mwa 2017. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio ya kweli, na tuyaheshimu.

Kuishi na watu ni somo la aina nyingine. Sugata Mitra alipoweka kompyuta ukutani karibu na makazi ya maskini huko Delhi mwaka 1999, watoto walijifunza kuitumia bila mwalimu, na habari hiyo ikaenea duniani kote. Waliokwenda kuchunguza baadaye waliona pia kwamba wavulana wakubwa ndio walioshika mashine, wasichana na wadogo wakabaki nyuma ya migongo. Kwa watoto wa mitaani, ambao tayari wana ngazi kali ya nani anamtawala nani, kifaa kisicho na mtu mzima kinaongeza nguvu za aliye juu.

Utafiti wa saikolojia unaelekea huko huko. Patricia Kuhl na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa walijifunza sauti za Kichina kutoka kwa mtu aliyecheza nao ana kwa ana, lakini hawakuzijifunza kutoka kwenye video ya mtu huyo huyo. Na mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA waliwapeleka wanafunzi 51 wa darasa la sita kambini kwa siku tano bila skrini yoyote. Waliporudi, uwezo wao wa kusoma hisia kwenye nyuso uliboreka kuliko wa wenzao 54 walioendelea na maisha yao ya kawaida.

Kwa hiyo ukiwa na fedha za kununua tableti kumi au kumlipa mfanyakazi mmoja wa mtaani kwa mwaka pamoja na simu moja, mlipe mfanyakazi.

Hawataviiba vifaa hivyo?

Mara nyingine kimoja kitapotea. Mara nyingi huwa kimechukuliwa kwa nguvu na kijana mkubwa asiye katika kundi, kwa hiyo mtoto asibebeshwe kifaa kwenda nacho kijiweni. Unamwekea shabaha mgongoni. Kifaa kije na mwalimu, kiondoke na mwalimu. Ndani ya muda wa kipindi, wape watoto wenyewe zamu ya kukitunza: leo huyu anahesabu vifaa, kesho yule. Kwa mtoto ambaye kila duka humtazama kama mwizi, kukabidhiwa kitu cha thamani na kukirudisha mbele ya wote ni jambo analolikumbuka.

Wasichana wako wapi katika haya yote?

Wapo, ila hawaonekani. Wavulana huonekana stendi. Wasichana wengi wasio na makazi huchukuliwa haraka kuwa wafanyakazi wa ndani, au hujificha kwa watu wanaowatumia vibaya. Mradi unaowangoja stendi saa kumi jioni utawapata wavulana watupu na kudhani wasichana hawapo. Inabidi wafuatwe kupitia akina mama lishe, wauza genge, na wasichana wenzao, kwa wakati ambao wanaweza kuponyoka, na mfanyakazi awe mwanamke. Kundi lao liwe la peke yao angalau mwanzoni, kwa sababu igizo la sauti kuhusu kukataa, kuomba msaada, au kutambua anayejifanya mfadhili, halirekodiki mbele ya wavulana wa kijiwe kile kile.

Je, ni sawa kuweka picha na video zao mtandaoni ili tupate wafadhili?

Hapana. Hapa naomba tusikilizane, kwa sababu kosa hili hufanywa na watu wema. Kwanza somo lenyewe linavunjika: umemfundisha mtoto kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, kisha wewe unairusha sura yake, chafu na yenye machozi, kwa watu asiowajua. Atajifunza unachofanya, si unachosema. Pili, mtoto anakua. Picha aliyopigwa akiwa na miaka tisa akinusa gundi itamkuta akiwa na miaka ishirini na tano akitafuta kazi au mchumba. Tatu, picha yenye sura, jina na mahali anapolala ni ramani kwa mtu mbaya.

Sheria nayo ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Kwa mtoto ambaye mzazi hapatikani, ofisa ustawi ahusishwe. Kazi za watoto zibaki kwenye kifaa cha mradi, chenye nywila, na ukitaka kumwonyesha mfadhili, mwonyeshe walichokipiga wao: mikono ya fundi viatu, kivuli cha daladala, paka wa sokoni. Picha hizo zinasema mengi kuhusu mtoto bila kumwanika.

Watoto wenyewe pia wafundishwe hatari za mtandao, na wafundishwe bila kutishwa. Uchunguzi wa UNICEF, INTERPOL na ECPAT kuhusu unyanyasaji wa kingono wa watoto mtandaoni, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda miongoni mwa nchi nyingine, ulionyesha kwamba mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto alikwisha kumjua. Waliohojiwa kwa dodoso walikuwa watoto wa majumbani. Wa mitaani hawakugongewa mlango kwa kuwa hawana mlango. Anayempa mtoto wa mtaani simu ya bure na vocha bila kutaka chochote leo, kesho atataka. Mtoto alijue hilo, na awe na mtu wa kumwambia likitokea.

Tutajuaje kama yameleta mabadiliko?

Usihesabu saa za kutumia tableti wala idadi ya video zilizotazamwa. Tazama yanayotokea simu ikiwa imezimwa. Je, ugomvi wa kugawana mkate unaisha kwa maneno angalau mara moja kati ya mara kadhaa? Je, yule aliyekuwa akikaa mbali sasa anakaa na wenzake? Amemleta rafiki mgonjwa zahanati na kumsemea? Amekuambia jambo baya lililompata, pasipo kuulizwa? Mfanyakazi aandike haya kwenye daftari, kila mtoto ukurasa wake, kila wiki sentensi mbili tatu. Baada ya miezi sita daftari hilo litaeleza mengi kuliko dodoso lolote.

Dodoso za kigeni zina tatizo jingine: mtoto wa Mwanza anaulizwa kuhusu hali zisizomhusu. Mtandao wa asasi za elimu Afrika Mashariki ulilifanyia kazi jambo hili kupitia mradi wa ALiVE, ambao mwaka 2022 ulipima stadi kama kushirikiana, kutatua matatizo, kujitambua na heshima miongoni mwa vijana wa miaka 13 hadi 17 Kenya, Uganda na Tanzania, kwa visa vilivyotungwa kutokana na maisha ya hapa. Upimaji ule ulifanyika kaya kwa kaya. Kuna kazi njema inayomsubiri mtafiti atakayezichukua zana za namna hiyo na kuzipeleka vijiweni.

Inachukua muda gani?

Miezi mingi, na kwa baadhi yao miaka. Huko Bucharest, Romania, tangu mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi, nusu yao wakahamishiwa kwa bahati nasibu kwenye familia za malezi. Waliopata familia walijenga uhusiano wa karibu na walezi wao na kuendelea vizuri zaidi, hasa waliohamishwa wakiwa wadogo. Mtu mzima yule yule, siku baada ya siku, ndiye aliyewarejesha. Mradi wa miezi mitatu unaobadilisha walimu wa kujitolea kila wiki humfundisha mtoto jambo moja tu, kwamba watu huja na kuondoka, na hilo alikwisha kulijua. Kama huwezi kukaa, sema tangu mwanzo utakaa hadi lini, na uage.

Mimi sina kituo wala mfadhili. Naanzia wapi?

Anza kwa kumwita mtoto jina lake, baada ya kumwuliza, na kumwitikia salamu. Ukitaka kufanya zaidi, usianzishe kikundi peke yako gizani. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au kwa Kenya ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, ujiunge na asasi ambayo tayari watoto wanaifahamu. Uliza kama ina sera ya ulinzi wa mtoto kwa maandishi, na ukubali nawe kuchunguzwa kabla ya kukaa na watoto. Asasi makini haitakuruhusu kukaa na mtoto mmoja mahali pa faragha, na hilo lisikukwaze.

Ukiona mtoto anaumizwa, anauzwa au anatumikishwa, au ukiona picha zake za aibu zinasambazwa, usizisambaze hata kwa nia ya kulaani. Piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto inayofanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda. Tanzania unaweza pia kwenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwananchi mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Namba 116 inaweza kupigwa na mtoto mwenyewe pia, kwa hiyo watoto wa kundi lako waijue kwa moyo, na wafanye mazoezi ya maneno ya kwanza watakayosema simu ikipokelewa.